Somo: Mikrobe inajengaje ukuta wake, na kwa nini tusikate sindano katikati

Ndugu wanamemba, ninyi wafugaji mnalijua jambo hili: ng'ombe anavimba kiwele, maziwa inatoka na mabonge, veterineri anakuja kupiga sindano ya penisilini. Kesho yake kiwele kimepoa, na dawa iliyobaki tunaiweka kwa siku ingine. Kisha ugonjwa unarudi, na watu wanasema dawa ilikuwa ya uongo. Mara nyingi sivyo. Tuangalie ndani ya mikrobe yenyewe.

Mikrobe imejaa maji na chumvi zinazosukuma kwenda nje kwa nguvu, kama mpira wa ndani wa kinga uliopigwa pompi. Kinachozuia isipasuke ni ukuta unaoizunguka pande zote. Ukuta huo umesukwa kama kikapo: nyuzi ndefu za sukari, zimefungwa kati yao na vifundo vidogo.

Sasa mikrobe inataka kukua, na haiwezi kubomoa nyumba ikalale kwa jirani. Basi inakata fundo, inatia uzi mpya, inafunga tena, pole pole, huku imejaa vile vile. Ikishakuwa kubwa, pete ya protini inajipanga katikati yake, hapo ukuta mpya unajengwa kuelekea ndani, na moja inakuwa mbili. Kolibasili ikipata chakula na joto vizuri inamaliza kazi hiyo kwa dakika 20. Pigeni hesabu: moja inakuwa 8 kwa saa moja, na 4096 kwa saa 4!

Lakini haijengi ovyo. Chakula kikipungua, inatoa alama ndani yake inayosimamisha ujenzi. Inalala, kama mbegu ndani ya gala.

Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua kule London mwaka 1928, inashika mikono ya wale wanaofunga vifundo. Mikrobe inaendelea kukata bila kufunga, mwisho inapasuka. Ile iliyolala haijengi, kwa hiyo dawa haina mkono wa kushika. Mwaka 1944 Joseph Bigger, munganga wa Dublin, alitia penisilini kwenye stafilokoki, moja ya mikrobe zinazoleta pia ugonjwa wa kiwele. Chache zilibaki hai. Lakini wazao wao walikufa kwa dawa ile ile: hazikuwa sugu, zilikuwa zimelala. Njo maana sindano za siku zinazofuata ni za lazima: zinangoja wale watakaoamka. (Sugu wa kweli wako pia; ukimaliza dawa yote na kiwele bado kimevimba, rudi kwa veterineri, usiongeze mwenyewe.)

Kuna mikrobe isiyo na ukuta hata kidogo, mikoplasma, inayoleta ugonjwa mkubwa wa mapafu ya ng'ombe. Kumpiga huyo penisilini ni kutupa franga.

Na maziwa? Mikrobe nzuri zinazochachusha maziwa ya fromaji, hii yetu ya Masisi, nazo zinajenga ukuta. Maziwa ya ng'ombe mmoja anayetibiwa ikiingia ndani ya tanki ya kooperative, dawa inaweza kuziua, fromaji inaharibika, na hasara ni ya wote. Kuchemsha hakuondoi dawa yote. Mkamue kando, mmwage. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye chupa. Zinahesabiwa tangu sindano ya mwisho, siyo tangu kiwele kilipopoa.