Muwa, Bwawa na Mwili wa Kijana: Somo kutoka Kidatu

Mwanafunzi aliyekulia Kidatu hahitaji kuelezwa sukari hutoka wapi. Tangu miaka ya 1960 mashamba ya miwa yametanda pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, na msimu wa kuvuna ukifika watoto hutafuna muwa njia nzima kutoka shuleni hadi nyumbani. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kuifanya hesabu ifuatayo.

Kila kilo 100 za miwa ziingiazo kiwandani hutoa takriban kilo 10 za sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya kiasi cha gramu 35. Kwa hiyo anywaye soda moja amemeza sukari iliyokuwamo katika gramu 350 za muwa. Lakini muwa humdai mlaji wake: sharti aumenye, autafune na kuyatema makapi. Meno na taya hufanya kazi, na wakati huo huo ubongo hupata nafasi ya kuarifiwa kwamba tumbo limepokea kitu. Soda haidai lolote, nayo huisha kabla kengele ya mapumziko haijalia tena.

Gramu 1 ya sukari huupa mwili nishati ya kilokalori 4. Hivyo soda ile ina kilokalori 140. Kijana mwenye uzito wa kilo 50 hutumia takriban kilokalori 40 kwa kila kilometa moja anayotembea. Ili aimalize nishati ya chupa moja hana budi kutembea kilometa 3 na nusu. Mafuta ni mazito zaidi: gramu 1 hutoa kilokalori 9, na ndiyo sababu sahani ya chipsi mayai huzidi kwa mbali nishati ya viazi vile vile vikichemshwa.

Je, nishati isiyotumika huenda wapi? Hapa Kidatu mfano wake uko mlangoni. Mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, ina bwawa lake, nalo ni dogo. Hifadhi kubwa ya maji iko mbali juu ya mto, katika bwawa la Mtera. Mwili nao una ghala mbili. Ya kwanza ni glikojeni, wanga unaowekwa katika ini na misuli. Ghala hii hujaa upesi na kwisha upesi. Ya pili ni mafuta chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni, na hii ndiyo Mtera ya mwili, kwani haina kingo zinazoonekana. Mfano huu una kasoro moja: bwawa likijaa mno, maji humwagika yenyewe, ilhali mwili hauna mlango wa kumwagia nishati iliyozidi.

Tuangalie sasa vipimo. Watu wazima hupimwa kwa kugawa uzito wa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wa meta. Kwa kijana, jibu hilo halina maana mpaka lilinganishwe na umri na jinsia yake, kwa kutumia majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007. Chukua msichana wa miaka 12 mwenye kilo 50 na urefu wa meta 1.40. Gawa 50 kwa 1.96, unapata 25.5. Mpaka wa kiribatumbo kwa umri wake ni 25.0, naye ameuvuka. Sasa mwache afikishe miaka 14 na urefu wa meta 1.50 bila kuongezeka hata kilo moja. Gawa 50 kwa 2.25, unapata 22.2, na kwa umri huo uzito uliozidi huanzia 22.7. Msichana huyu ametoka kwenye hatari pasipo kukonda. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mtoto na mtu mzima, nayo husahauliwa mara nyingi. Kwa mtoto anayekua, shabaha mara nyingi huwa ni kuuzuia uzito usipande huku kimo kikipanda. Kumnyima chakula ni kumdhuru.

Baadhi ya wasomaji watauliza: yanini kuzungumzia unene katika nchi ambamo, kwa uchunguzi wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa? Swali ni la haki. Lakini matatizo haya mawili huweza kukaa katika nyumba moja, kwa sababu ugali au wali mwingi wenye mboga haba hushibisha tumbo bila kuujenga mwili.

Jambo hili limefanyiwa utafiti hapa hapa bondeni. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyofunguliwa na Waswisi mwaka 1957, ilishiriki katika mradi wa KaziAfya pamoja na watafiti wa Uswisi, Afrika Kusini na Côte d'Ivoire. Wanafunzi wa shule za msingi waligawanywa katika makundi manne: waliopewa mazoezi ya viungo pamoja na vidonge vya vitamini na madini, waliopewa mazoezi pamoja na vidonge visivyo na dawa, waliopewa vitamini na madini bila mazoezi, na waliopewa vidonge visivyo na dawa peke yake. Mwalimu wa sayansi na awaulize wanafunzi: kwa nini manne, wala si mawili? Wakigundua kwamba ni kwa njia hiyo tu mtafiti aweza kutenganisha kazi ya mazoezi na kazi ya vidonge, watakuwa wamelipata somo zima la kupanga majaribio.

Nchini Marekani, Leonard Epstein na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 10 watoto wanene wa miaka 6 hadi 12. Matokeo yalitangazwa mwaka 1990. Familia zote zilifundishwa ulaji na mazoezi yale yale; tofauti ilikuwa ni nani anayetuzwa kwa kubadili mwenendo. Pale mtoto na mzazi walipotuzwa wote wawili, watoto walibaki na unene pungufu kuliko walipoanza. Pale ambapo tuzo ilikuwa ya kuhudhuria tu, unene uliongezeka. Maana yake ni kwamba sufuria ya jikoni ni ya familia nzima, na mtoto hawezi kuibadili peke yake.

Singapore inatupa funzo la namna nyingine. Kuanzia mwaka 1992 shule zake ziliwatenga wanafunzi wanene na kuwapa mazoezi ya ziada. Kifupisho cha jina la mpango huo, kikisomwa kinyumenyume, kilitoa neno la Kiingereza lenye maana ya "mnene", na wenzao hawakuchelewa kuligundua. Mpango ulisimamishwa mwaka 2007. Kwa maoni yangu, mwalimu anayempima mwanafunzi mbele ya darasa na kuusoma uzito wake kwa sauti amekwisha kushindwa kabla ya kuanza.

Shule zetu zina kitu bora zaidi kwa jambo hili: mchakamchaka, unaokimbiwa na wote, wembamba kwa wanene, kwa nyimbo. Shirika la Afya Duniani linataka kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mchakamchaka, kutembea kwenda shule, bustani na mpira wa jioni vyatosha, iwapo haviachiwi timu ya UMISSETA peke yake. Kuhusu sukari, shirika hilo hushauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati. Kwa kijana atumiaye kilokalori 2,000 kwa siku, hizo ni gramu 50: soda moja na kikombe cha chai chenye vijiko vitatu.

ZOEZI. Chukua vinywaji vitano viuzwavyo karibu na shule yako. Soma kwenye kila lebo gramu za sukari katika mililita 100, kisha kokotoa: (a) sukari ya chupa nzima, (b) uzito wa muwa ulioitoa, (c) kilometa ambazo kijana wa kilo 50 atatembea. Halafu pima muwa wenye uzito wa jibu la (b), utafune hadi mwisho, na uandike umetumia dakika ngapi.