Mafunzo Niliyopata Nikipima Umeme wa Rodopsini Gizani

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili Marekani, kazi yangu ilikuwa kumulika seli zilizotiwa rodopsini, ile rangi ya jicho inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu, na kupima umeme wake.

1. Giza la maabara ni giza kweli. Rodopsini hunasa zaidi nuru ya nanomita 500 hivi, kati ya buluu na kijani, ndiyo maana tulifanya kazi kwa taa nyekundu hafifu. Simu yangu iliita ikiwa mezani, kioo kikawaka, sahani nzima ya seli ikaharibika. Tangu siku ile hata vitaa vya mashine nilivibandika utepe mweusi.

2. Usishangilie kiwimbi cha kwanza cha umeme. Changu kilikuwa kizuri ajabu. Nikakimbia kumwita msimamizi. Hakusema neno. Aliweka seli isiyo na rodopsini, akaimulika vilevile. Kiwimbi kilekile! Kumbe mmweko ulikuwa ukipiga waya wa fedha ndani ya pipeti ya kupimia, na waya wenye kloridi ya fedha hutoa umeme wake ukimulikwa. Nilitamani sakafu inimeze. Baadaye nilijua kuvitofautisha: umeme wa rodopsini hupungua kila unapomulika, kwa sababu rangi inachujuka, wa waya haujali. Kisha unaongeza retinali, ndugu wa vitamini A, unasubiri gizani, na kiwimbi kinarudi. Kikirudi, hapo mwite msimamizi.

3. Seli kubwa ni mtaji. Umeme wa rodopsini hautokani na ioni kupita kwenye matundu ya utando wa seli. Ni chaji zinazosogea ndani ya protini yenyewe inapobadilika umbo, kwa hiyo kila molekuli huchangia chembe tu. Tuliunganisha seli nyingi kwa polietilini glikoli zikawa jitu moja, utando ukawa mpana, kiwimbi kikaonekana. Brown na Murakami, walioueleza umeme huu mwaka 1964, waliupima kwenye retina ya nyani, ambamo rangi imejaa tele. Sisi tulikuwa tunahangaika na seli mojamoja.

4. Retinali haitaki nuru wala hewa. Igawe gizani kwenye vichupa vidogo, jaza agoni, weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kilichosahauliwa mezani mchana, kitupe.