ISRAFU YA CHAKULA NA MASALIO YA JIKONI
Somo kwa wenye nyumba, wanaume na wanawake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Shukrani ni zake Yeye aturuzukuye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu, yapasa ijulikane ya kwamba miongoni mwa mambo yanayoziumiza nyumba zetu za pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, ni jambo ambalo wengi hawalihisabu kuwa ni hasara wala kuwa ni dhambi. Nalo ni kutupa chakula. Mtu hulia ya kwamba mchele umepanda bei, na mafuta hayashikiki, na daftari la mwenye duka limejaa jina lake. Ilhali asubuhi ile ile pipa la taka la nyumbani kwake lina wali wa jana, na nusu ya mkate, na ndizi zilizoachwa hata zikaoza. Wali ule aliuandikisha dukani kwa deni. Sasa wali umetupwa, na deni limebaki.

Katika somo hili tutaeleza, inshallah, mambo matano: hukumu ya israfu, kununua, kupika na kupakua, kutumia masalio, na mipaka ya kutumia masalio hayo.

1. HUKUMU YA ISRAFU

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule na tunywe, na papo hapo akatukataza israfu. Basi kula vizuri si kosa. Kosa ni kupita kiasi. Na katika Sura ya Al-Israa, aya za 26 na 27, amewahisabu wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Nawe tazama mahali makatazo hayo yalipowekwa: yamekuja pamoja na amri ya kumpa jamaa haki yake, na maskini, na msafiri. Hapana budi kuwe na sababu ya kuwekwa pamoja, kwani mali ikifujwa, wa kwanza kuikosa ni hao.

Walakini mtu asije akadhani ya kuwa tunamwita kwenye ubahili. Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, wamesifiwa wale ambao wakitumia hawafuji wala hawafanyi choyo, bali huwa katikati. Bahili huzuia haki ya watu. Mwenye kiasi huzuia hasara, apate cha kutimizia haki ya watu. Hao wawili hawafanani, ijapokuwa wote wawili hufunga mfuko.

Na ili tusiseme maneno matupu, na tufanye hisabu. Tuseme nyumba moja hutupa kila siku wali uliotoka katika robo kilo ya mchele. Wengi wataona ni kitu kidogo, nacho ni sahani mbili tu. Kwa siku 30 ni kilo 7 na nusu. Kwa mwaka ni kilo 91. Na pishi moja ya zakatul-fitri wengi huikadiria baina ya kilo 2 na nusu na kilo 3. Basi mchele ule uliokwenda pipani ungaliwatolea fitri watu 30 au zaidi. Na huenda mwenye nyumba hiyo, usiku wa Idi, akatafuta mkopo wa kutolea fitri ya watoto wake.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti katika mwaka 2024, likakadiria ya kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa majumbani, mahotelini na madukani duniani kote kilikuwa kama tani milioni 1,050. Na sehemu 60 katika kila 100 ilitoka majumbani. Basi aliye na jiko lake asingoje serikali imwanzie kazi hii.

2. KUNUNUA

Akiba ya nyumba huanza kabla ya moto kuwashwa. Yatupasa tushike mambo haya:

Kwanza, usiende sokoni kabla hujafunua vyombo vyako. Tazama mtungi wa unga, na mkebe wa sukari, na kapu la vitunguu. Kisha andika kinachopungua, ununue hicho. Wengi hununua bizari ilhali wanayo nyumbani mikebe miwili.

Pili, usinunue ukiwa na njaa. Jambo hili huonekana zaidi katika mwezi wa Ramadhani. Mtu hutoka alasiri, kiu imemshika, akapita penye kaimati, na sambusa, na mihogo, na maembe. Akanunua kwa macho, si kwa kadiri ya watu wake. Ikisha adhana ya magharibi, tende tatu na kikombe cha uji hulivunja lile tamaa lote, na vilivyobaki hulala sinia nzima. Mwezi tuliopewa tujifunze kuzuia matumbo umekuwa kwa wengine ndio mwezi wa deni kubwa kuliko yote. Afaaye kununua vya futari na anunue asubuhi, au usiku baada ya tarawehe.

Tatu, hisabu kinacholika, usihisabu kinachoonekana. Fungu la nyanya 10 ambalo 4 zimeoza ni fungu la nyanya 6. Basi ligawe bei lake kwa 6, ndipo ulilinganishe na fungu la jirani.

Nne, vitu vikavu kama mchele, sukari, maharage na unga, mara nyingi huwa nafuu vikinunuliwa kwa wingi. Asiyeweza gunia peke yake na ashirikiane na majirani wawili watatu, wagawane kwa mizani. Walakini samaki, mboga na maziwa usinunue ila kwa kadiri ya siku. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini hiyo ya samaki huoza.

Tano, kipya kiwekwe nyuma, cha zamani kitangulie kutumika. Na kila kitu kikavu kiwe katika chombo chenye kifuniko cha kubana, mahali pasipo unyevu, ili kisiingie wadudu.

3. KUPIKA NA KUPAKUA

Wazee wetu walipima kwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Leo wengi wetu hukadiria kwa mkono, na mkono hauna kumbukumbu. Tafuta kikombe kimoja, kiwe ndicho kipimo chako. Tazama kwa siku saba vikombe vingapi huwatosha watu wako pasipo kubaki wala kupungua. Kisha shika idadi hiyo. Na kabla ya kupima, uliza: nani leo hatakula nyumbani? Suali hili moja huokoa sahani nyingi.

Akija mgeni ghafula, usifadhaike. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu. Na alimuusia Abu Dharr, kama alivyopokea Muslim, ya kuwa akipika mchuzi auzidishe maji, apate kuwaangalia majirani zake.

Ama kupakua, desturi yetu ya kula pamoja katika sinia ni njema, nayo ina adabu ambazo watu husahau faida yake. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, naye yu mtoto, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilichoko mbele yake. Na katika hadithi ya Ibn Abbas, iliyopokewa na Tirmidhi, tumeambiwa baraka hushuka katikati ya chakula, basi tule kandokando. Zaidi ya adabu na baraka, liko jambo la jikoni: wali ambao mikono haikuufikia hubaki safi, ukaweza kuwekwa au kupewa mwingine. Bali mikono ikichakura sinia nzima, kilichobaki hakimfai mtu. Kwa hiyo pakua kidogo kwa upawa, kisha ongeza. Wala usikirudishe sufuriani kilichokwisha kuguswa.

4. KUTUMIA MASALIO

Chakula cha jana huitwa kiporo, na kwa watu wa Mombasa mwiku. Wako wanaume wasemao: mimi sili kiporo. Maneno haya ni kiburi, na gharama yake huichukua mke, maana hulazimika kupika upya na kutupa kwa siri. Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula, akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Siku moja aliuliza kitoweo, akaambiwa hapana ila siki. Akaitaka hiyo hiyo, akala na huku akiisifu. Naye aliamrisha tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, lisiachiwe shetani. Ikiwa hivyo ndivyo tonge moja, sahani nzima itakuwaje?

Basi haya ni baadhi ya matumizi:

Wali: konzi ya wali mweupe huchanganywa na mchele uliorowekwa, vikasagwa pamoja kwa vitumbua. Au hukaangwa kwa kitunguu na bizari kidogo. Ukoko nao ni chakula, usisuguliwe ukatupwa.

Mkate wa boflo uliokauka: hutoswa katika yai na maziwa ukakaangwa, au hukaushwa zaidi ukapondwa kuwa chenga za kuvikia katlesi.

Chapati za jana: hukatwa vipande vikatiwa katika mchuzi wenye moto.

Samaki wa kukaanga: hubambuliwa, akaondolewa miiba, akachanganywa na viazi vilivyopondwa, na ndimu, na pilipili, hizo ni katlesi. Kichwa na mifupa hutoa supu.

Ndizi zilizoiva kupita kiasi: hupondwa katika unga na sukari kidogo, zikakaangwa. Nazo hazitaki sukari nyingi, kwa kuwa utamu wake umekwisha kukamilika.

Maembe mabichi na ndimu, wakati vinapojaa sokoni na bei kushuka: tia chumvi na pilipili, fanya achari, utapata kitoweo cha miezi.

Nazi: baada ya tui zito na tui jepesi, chicha hupewa kuku; na vifuu hufaa kuwashia moto. Maganda ya ndizi na ya muhogo mbichi, hayo ya ndizi wape mbuzi, na ya muhogo fukia shambani yawe mbolea, maana maganda ya muhogo mbichi yana sumu. Kumlisha mnyama nako kuna thawabu.

5. MIPAKA YAKE

Hapa yatupasa tuangalie sana, maana kuokoa shilingi mbili kisha kulipa dawa si uchumi.

Wali ukiachwa wazi jikoni usiku kucha katika joto letu, huwa na hatari. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole huzaana, vikaacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndiyo maana mtu hula kiporo chenye moto, naye akatapika. Basi wali uliobaki utandaze katika chombo kipana upoe upesi, uutie katika jokofu kabla hazijapita saa 2, uule kesho yake, nao upashwe mara moja tu hata utoke mvuke wote. Asiye na jokofu, dawa yake ni kupima kabla ya kupika. Na kilichozidi akipeleke kwa jirani usiku ule ule kingali kizima.

Kadhalika samaki kama jodari aliyekaa juani huingia sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Na mahindi au njugu zilizoota kuvu zisiokolewe kwa kuoshwa wala kusagwa. Katika mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Kutupa kitu kama hicho si israfu, bali ni kuihifadhi nafsi.

Wala usimpe maskini kilichokuchukiza wewe. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kutoa kilicho kibaya, ambacho sisi wenyewe tusingalikipokea ila kwa kufumba macho. Sadaka ya chakula hutolewa kingali na harufu nzuri, katika chombo safi, na kwa uso mkunjufu. Katika harusi na khitma zetu, basi, mtu mmoja awekwe maalumu tangu mwanzo, kazi yake kuwapelekea jirani na wagonjwa pilau iliyo sufuriani kabla haijaguswa. Si baada ya wageni kuondoka, ikabaki iliyochezewa.

KHATIMA

Ndugu msomaji, anza na jambo moja. Kwa siku saba, kila kitu kinachotupwa nyumbani mwako kiandike, na bei yake. Siku ya nane jumlisha, mbele ya mkeo au mumeo, bila ya kulaumiana, maana huyu hununua na yule hupika, nao wameshirikiana katika hasara. Kisha fedha itakayookoka wiki ya pili igawe: sehemu lipa deni la duka, sehemu weka, na sehemu, japo ndogo, mpe mwenye haki. Haba na haba hujaza kibaba.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Ni ipi tafauti baina ya ubahili na kiasi?
2. Kwa nini makatazo ya ufujaji yamekuja pamoja na haki ya maskini?
3. Kula kilichoko mbele yako kuna faida gani kwa masalio?
4. Kwa nini kupasha moto hakutoshi kwa wali uliolala nje?
5. Ni chakula gani kisichofaa kutolewa sadaka?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kushukuru neema zake kwa vitendo, na atuepushe na deni na njaa. Amin.