Sanduku Lenye Tundu
Somo: 2 Wafalme 12:4-16

Kuna mstari ambao waweka hazina wengi wanaupenda. Ni wa 15: wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu. Nimeusikia mara nyingi mtu akiulizwa pesa za wajane zimefika wapi. "Pasta, si hata Biblia inasema tuaminiane?"

Lakini tuanzie juu kidogo. Mfalme Yoashi aliagiza pesa za watu zitengeneze nyumba ya Bwana, na kila kuhani apokee kwa watu anaowajua. Mwaka wa 23 wa kutawala kwake ukafika, mabomoko yako palepale! Ona vizuri: Biblia haisemi watu hawakutoa, wala haisemi makuhani waliiba.

Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu, kulia mtu akiingia. Pesa zikiwa nyingi, walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Hapo ndipo wasimamizi walikabidhiwa, wakalipa maseremala na waashi, wakanunua mbao na mawe. Uaminifu wa mstari wa 15 umekuja baada ya hesabu ya mstari wa 10. Tukiuruka wa 10, hatuwezi kuudai wa 15.

Tena pesa hizo hazikununua vyombo wala tarumbeta kazi ikiendelea. Hapa tunateleza sana. Mtu akifiwa, tunachota kwa mfuko wa karo, eti mwezi ujao tutarudisha. Januari shule zinafunguliwa, mtoto wa mjane anabaki nyumbani, na hakuna aliyeiba hata shilingi. Kufariji wafiwa ni kazi njema kabisa. Iwe na mfuko wake, kama vile pesa za sadaka ya hatia zilivyokuwa na njia yake (mstari wa 16).

Mkikaa na kikundi wiki hii, ulizaneni: pesa zinaingia kwa M-Pesa ya nani? Kama ni laini ya mtu mmoja, ile ile anayonunulia unga, mnamwonea huyo ndugu. Simu ikipotea, yeye ndiye atashukiwa. Nani anahesabu pamoja naye? Na mweka hazina wa zamani alipotoka, alikabidhi kitabu ama maneno ya mdomo?

Kisha someni 2 Mambo ya Nyakati 24:14, muone pesa zilizobaki baada ya kazi kuisha zilifanya nini.