SOMO LA BAHARI: PAPA POTWE WA MAFIA NA SAFARI YA KUMWONA

Msimu wa papa potwe unapokaribia, watumishi wa Serikali na wananchi wengi huuliza namna ya kujiunga na safari za boti zinazotoka Kilindoni kwenda kumwangalia samaki huyo. Somo la leo linajibu swali hilo. Lakini kabla ya kupanda boti ni vyema msomaji afahamu anachokwenda kukiona, kwa kuwa jambo lililoaminiwa kwa miaka mingi kuhusu safari za potwe limebainika kuwa si sahihi.

Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Aliyekomaa huweza kupita urefu wa mita 12, ingawa wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambao bado hawajapevuka. Jina la papa lisimtishe mtu. Meno yake ni madogo mno wala hayana kazi ya kutafuna. Yeye hupanua kinywa, akapitisha maji na kuyachuja kwa matamvua, akabakiza uduvi na viumbe wengine wadogo. Uduvi huo ndio unaomleta karibu na ufuo wa magharibi wa kisiwa, mkabala na delta ya Mto Rufiji, kuanzia mwezi Oktoba hadi Februari au Machi, yaani tangu matlai hadi kaskazi.

Kusi ikivuma, potwe hawaonekani. Kwa sababu hiyo ilidhaniwa kwamba wamehama na kwenda bahari za mbali, na dhana hiyo haikuwa ya kijinga, maana potwe wa sehemu nyingine wamepata kufuatwa wakisafiri maelfu ya kilomita. Kuanzia mwaka 2012 watafiti waliwafunga baadhi ya potwe wa Mafia vifaa vidogo vya kutoa sauti, na kutega vipokezi chini ya maji. Kwa muda wa miaka 2 walilinganisha taarifa za vipokezi na zile za watu waliotazama kwa macho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba macho yaliona samaki kwa msimu tu, ilhali vipokezi viliwasikia mwaka mzima. Potwe hawakuhama Mafia. Walisogea mbali kidogo na pwani na kuogelea katika kina kikubwa zaidi, huenda kwa kufuata chakula.

Jambo hili lina uzito kwetu. Kama samaki yupo mwaka mzima, basi hatari inayomkabili nayo ni ya mwaka mzima. Majarife na nyavu za kuzungushia hutegwa pia wakati ambapo hakuna mgeni wala boti ya watazamaji. Tena, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995 kwa mujibu wa Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, imeenea zaidi upande wa kusini na mashariki wa kisiwa. Sehemu kubwa ya malisho ya potwe iko nje ya mipaka yake. Mwaka 2016 potwe aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya kukadiriwa kwamba idadi yake duniani imepungua kwa zaidi ya nusu katika miaka 75.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Mitungi ya hewa haihitajiki, kwani potwe anapokula huwa karibu na uso wa maji. Miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia na mapezi ya miguuni vinatosha, na asiyejua kuogelea vizuri avae jaketi la kuokolea au abaki botini, ambako pia ataona mengi. Nahodha apunguze mwendo mapema na asimkatie samaki njia. Waogeleaji waingie majini polepole, wachache wachache, wakae ubavuni pake kwa umbali usiopungua mita 3, na wajihadhari na mkia wake, ambao una nguvu kuliko unavyodhania. Ni marufuku kumgusa, kumpanda au kumpiga picha kwa taa ya kamera. Picha ya kawaida ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, ina manufaa makubwa: mpangilio wa madoa meupe mahali hapo haufanani kwa potwe wawili, mfano wa alama za vidole vya binadamu, na kwa njia hiyo kila mmoja hutambuliwa.

Wavuvi nao wanaombwa, potwe anapoingia katika wavu wa kuzungushia, wazamishe kamba ya maboya ili apite juu yake, au wakate sehemu ndogo ya wavu kabla hajauchana wote. Yeyote atakayemwona potwe kati ya Aprili na Septemba amwarifu Afisa Uvuvi aliye karibu, akitaja tarehe, mahali na kina cha maji. Taarifa za miezi hiyo ndizo chache kuliko zote.