Bunduki na Risasi za Kudhibiti Wanyama Waharibifu wa Mazao

Mahindi yanapokaribia kukomaa na chikichi kuiva, wakulima wenye mashamba kwenye miteremko inayozunguka Kibirizi huwa na kazi ya kuwazuia nyani, tumbili na nguruwe pori. Mkulima aliyepoteza jasho la msimu mzima kwa asubuhi moja hujiuliza ni bunduki gani itamfaa, na kwa risasi ipi. Swali hilo ni halali. Jibu lake huanza na jambo moja: risasi ikimkosa mnyama, itatua wapi?

Aina mbili za bunduki

Ya kwanza ni bunduki ya marisau, iitwayo na wengi shotigani. Mtutu wake ni laini ndani, na kila risasi yake hurusha chembe nyingi kwa pamoja. Marisau madogo hufaa kwa shabaha iliyo ndani ya mita 35 hivi, na kwa kawaida huanguka kabla ya kufika mita 300. Marisau makubwa huweza kupita mita 500.

Ya pili ni raifo. Ndani ya mtutu wake mna mifereji inayoizungusha risasi ili ishike njia iliyonyooka. Raifo ndogo ya .22 hurusha risasi ya kipenyo cha milimita 5.6 yenye uzito wa gramu 2.6 hivi. Udogo huo hudanganya, kwa kuwa risasi hiyo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Risasi ya .223 ina uzito wa gramu 3.6 hivi, lakini hutoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Risasi ya .30-06, inayotumiwa kwa wanyama wakubwa, huweza kupita kilomita 4.

Risasi na mnyama

Risasi ya .22 humtosha panya. Kwa nyani au nguruwe pori, mara nyingi huishia kumjeruhi. Nguruwe aliyejeruhiwa hujificha kichakani na huweza kumshambulia anayemfuata. Risasi ya .223 humwangusha nyani, na zipo zilizoundwa zipasuke mara zinapompiga mnyama, zisitokee upande wa pili. Hata hivyo, ulinzi huo haupo pale mnyama anapokoswa. Nguruwe mkubwa huhitaji risasi nzito zaidi, nayo ndiyo iendayo mbali kuliko zote.

Mazingira ya Kibirizi

Nyani hupenda kukaa juu ya mchikichi au kwenye ukingo wa kilima. Risasi ikipigwa kuelekea huko, nyuma yake hakuna kitu cha kuizuia ila anga, na ng'ambo ya kilima kuna nyumba na njia za watu. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika. Risasi inayogonga maji kwa mlalo huweza kudunda na kuendelea, kama kigae kinachorushwa na mtoto ufukweni. Mwaloni kuna wavuvi, waanika dagaa na abiria wa mitumbwi. Kwa hiyo raifo haifai kutumika mahali popote ambapo nyuma ya mnyama hapana mwinuko wa udongo mtupu unaoonekana wazi. Usiku, kurunzi huonyesha macho ya mnyama tu, na kilicho nyuma yake hubaki gizani.

Gobole halimo kabisa katika uchaguzi huu. Mtutu wake wa kienyeji huweza kumpasukia mpigaji usoni, na kulimiliki bila leseni ni kosa.

Sheria inasemaje

Umiliki wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila leseni. Wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Sheria hiyo inatambua kuua mnyama kwa ajili ya kulinda uhai au mali, lakini tukio ni lazima liripotiwe, na nyara ya mnyama huyo hubaki kuwa ya Serikali.

Sokwe wamelindwa kisheria, ndani na nje ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968 na ambayo boti zake huondokea hapa Kibirizi. Kivuli cheusi kinachotikisa matawi alfajiri huweza kuwa sokwe, au jirani anayeangua chikichi.

Hatua za kuchukua

Kwa shamba lililo karibu na makazi, ulinzi wa zamu baina ya majirani, mbwa, kelele za madebe na kufyeka vichaka vya mpakani ndiyo mambo ya kutangulia. Nyani huogopa zaidi shamba lenye watu kuliko shamba lenye mlio wa mara moja. Uharibifu ukizidi, mkazi atoe taarifa kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Mtendaji wa Kata, ili Afisa Wanyamapori afike na kuamua kama silaha itumike, ipi, na kutokea upande gani. Mazao yaliyoliwa yatapandwa tena msimu ujao. Risasi iliyokwisha kutoka mtutuni hairudishwi.