Mafunzo Niliyopata Katika Madaftari ya Kaunti ya Southampton

Kaunti ya Southampton iko kusini mashariki mwa jimbo la Virginia, Marekani, mpakani na North Carolina. Ni nchi ya karanga, pamba na nguruwe, yenye watu karibu 18,000. Ilianzishwa mwaka 1749, na makao yake ni Courtland, mji mdogo ulioitwa Jerusalem hadi 1888. Mimi ni Mkenya niliyeoa huko. Mama mkwe ni mzaliwa wa Southampton, Mmarekani mweusi, na watu wake wamezikwa huko kizazi baada ya kizazi. Macho yake sasa hayawezi kusoma mwandiko wa wino uliofifia, kwa hiyo aliniomba niwe msomaji wake tuutafute ukoo. Kazi hiyo imenifunza haya.

1. Wazee kwanza, karatasi baadaye

Kabla ya kugusa daftari lolote, mkalishe mzee umuulize. Nani alilelewa na shangazi? Nani aliitwa nyumbani jina lisilo la ubatizo? Familia ilisali kanisa gani, na makaburi yasiyo na mawe ni ya nani? Mama mkwe alinitajia kwa kikao kimoja majina ya utani ambayo bila hayo nisingewatambua watu hao katika karatasi yoyote ya serikali.

2. Cheti cha kifo huwataja wazazi

Virginia ilianza kusajili vizazi na vifo kwa mfululizo katikati ya 1912. Mzee aliyefariki miaka ya 1920 huenda alizaliwa utumwani, na cheti chake kina nafasi ya jina la baba na la mama. Lakini tazama aliyetoa habari hizo. Mara nyingi ni mtoto au jirani aliyeulizwa maswali siku ya msiba. Mahali pa jina la mama wa marehemu pakiandikwa “sijui”, hiyo nayo ni habari: huenda utengano wa familia ulikuwa umeshapita hapo.

3. Usisome sensa moja peke yake

Sensa ya Marekani hufanywa kila miaka kumi, na kila moja ina maswali yake. Ya 1870 haisemi nani ni nani kwa mwenye nyumba. Ya 1880 inasema. Ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na inamuuliza mama amezaa watoto wangapi na wangapi wangali hai. Safu hizo mbili ndogo ndizo zilizotuonyesha watoto ambao hakuna aliyewahi kutuhadithia. Ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto uliozuka Washington Januari 1921, kwa hiyo kuna pengo la miaka ishirini kati ya 1880 na 1900. Pengo hilo huzibwa kwa leseni za ndoa, orodha za kodi na hati za mashamba.

Umri nao hupanda na kushuka. Mtu ana miaka 30 mwaka 1870, na miaka kumi baadaye ana 45. Usimfute kwa sababu hiyo. Tazama mke, watoto na majirani.

4. Ukuta wa 1870

Wanaotafuta koo za Wamarekani weusi huuita ukuta, na ni ukuta kweli. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina waliokuwa watumwa. Rudi nyuma, 1860 na 1850, utakuta orodha maalumu ya watumwa: jina la bwana, kisha chini yake umri, jinsia na rangi ya kila aliyemilikiwa. Mwanamke, 34. Mvulana, 9. Msichana, 2. Majina hakuna.

Ili kuuvuka ukuta huo inabidi uufuate ukoo wa mwenye watumwa. Mtu mweupe alipokufa, mahakama ya kaunti iliteua watu wa kuhesabu mali yake, na hesabu hiyo ikanakiliwa katika kitabu cha wosia. Humo, katika ukurasa uleule wenye vitanda, majembe, jike la farasi na mapipa ya pombe, yamo majina: la kwanza tu, na kando yake dola. Mwanamke na mtoto wake mchanga huandikwa mstari mmoja kwa bei moja. Mstari huo, kwa ukatili wake wote, ndio mara nyingi ushahidi pekee wa maandishi kwamba huyu ni mama wa huyu.

Mama mkwe hakutaka bei hizo ziingie katika kitabu cha familia. Ninamheshimu, na kwenye mti wa ukoo tumeandika majina tu. Ila katika faili nimeitunza nakala kamili, bei na yote, kwa sababu naamini kizazi kijacho kina haki ya kuona jambo hili lilivyofanywa: kwa mkono mtulivu, kwa saini za mashahidi, kwa baraka za mahakama.

5. Mfuate bwana hata akihama

Jina la ukoo si dira ya kutosha. Waliopata uhuru 1865 hawakuchukua wote jina la bwana wa mwisho. Wengine walikuwa na jina lao tangu zamani, wengine walichukua la bwana wa babu zao. Na watumwa walihamishwa na mabwana. Dred Scott, ambaye kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa 1857 kwamba mtu mweusi si raia, alizaliwa Southampton karibu 1799. Familia ya Blow iliyommiliki ilihamia Alabama 1818, kisha St. Louis 1830, naye akachukuliwa. Ukipoteza alama Virginia, tazama kusini na magharibi.

6. Shukuru panapobaki kitu

Nansemond, kaunti iliyokuwa jirani, ilipoteza nyaraka zake kwa moto zaidi ya mara moja. James City ilizipeleka zake Richmond zihifadhiwe wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, zikateketea mji ulipoungua Aprili 1865. Southampton ina mfululizo tangu 1749. Kabla ya kupanga safari, uliza kwanza kama mahakama ya kaunti yako iliwahi kuungua, na nakala gani ziko katika Maktaba ya Virginia mjini Richmond.

7. Kaunti ndogo, habari ndefu

Mwaka 1830 Southampton ilikuwa na watumwa zaidi ya 7,700 na watu weusi huru zaidi ya 1,700. Hao huru walilazimika kujiandikisha kwa karani wa mahakama: umri, kimo, rangi ya ngozi, kovu lilipo, na kama walizaliwa huru au waliachwa huru. Kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto hukufanya umwone mtu aliyesimama mbele ya meza, akikaguliwa ili aruhusiwe kuishi mahali alipozaliwa.

Kisha ikaja Agosti 1831. Nat Turner aliongoza uasi wa watumwa, weupe wapatao 55 wakauawa, na kisasi kikawaangukia hata watu weusi wasiohusika. Kesi ziliamuliwa na mahakimu bila baraza la wazee wa mahakama. Kila mtumwa aliyehukumiwa kufa alipangiwa thamani, kwa kuwa jimbo lilimlipa mwenye mali. Turner alikadiriwa dola 375, akanyongwa Jerusalem tarehe 11 Novemba.

Maisha yakawa magumu mno kwa weusi huru. Desemba mwaka huo meli James Perkins iliondoka Norfolk kwenda Liberia ikiwa na mamia yao, wengi kutoka Southampton. Mmoja wa watoto wa kaunti hiyo waliofikishwa Liberia, Anthony Gardiner, alikuwa Rais wa nchi hiyo kuanzia 1878 hadi 1883. Kwa hiyo jina likikatika ghafla madaftarini baada ya 1831, si lazima mwenyewe awe amekufa. Huenda wajukuu wake wako Monrovia.

8. Usingoje serikali ifungue kila kitu

Majina ya sensa hufichwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, na ya 1960 itafunguliwa Aprili 2032. Ewe uliyeoa au kuolewa katika ukoo wa namna hii, kaa na wazee wa upande huo mwaka huu, andika wanayosema, na uandike pia ni nani aliyeyasema na lini.